Mizinga Sitini na Gari Lisilowaka

Ghayl Bahumayd, Bonde la Duan
Jumapili, baada ya Alasiri

Kwa kaka yangu mpenzi Karama bin Salmin, Jidda.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Pokea salamu za mdogo wako aliyekaa kimya muda mrefu na sasa anaona haya hata kushika kalamu. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji, na huyo binti yenu ambaye bado hatujamtia machoni, mkiwa wazima na riziki zinakwenda. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi za dari, na ukimwambia akae apumzike anakuuliza nani atakanda unga, wewe? Baba yu hai. Nalisema hilo mapema ili usiruke kurasa kutafuta habari zake kabla hujanisikiliza mimi.

Ujumbe wako nilifikishiwa. Ulikuwa mkali, na nilistahili. Uliuliza vipi nyuki wa Salmin Bahashwan, mzee aliyehamisha mizinga kwenye mabonde haya miaka arubaini, waachwe wafe njaa kwa sababu ya gari ambalo stata inazunguka vizuri. Ukasema hata mtoto wa chekechea angejua pa kuanzia. Sawa, kaka. Kwenye simu mnara wetu unakufa na kufufuka, halafu nakujua, ungenikatiza kabla sijafika katikati. Kwa hiyo nimeandika, na Juman mtoto wa shangazi anayekuja umra ameapa ataikabidhi barua hii mkononi mwako. Lile tulilopanga mimi na wewe nitalifikia. Nipe subira tu nilifikie kwa mpangilio, maana nikianza nalo hutasoma mengine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mikunazi ya chini ilikuwa imeanza kuchanua siku tatu kabla, na unajua harufu ile ikishapanda bonde zima linakosa usingizi. Kila mwenye mizinga alikuwa anapakia. Sisi mizinga yetu sitini ilikuwa bado kule juu, kwenye migunga ya Shaab Lahm, na migunga ilishamaliza maua kitambo. Ni mawe na manyigu tu. Baba alikuwa amesema tutahama Jumapili, baada ya magharibi, nyuki wote wakishaingia ndani. Alikuwa ameshakata vitambaa sitini vya kuzibia midomo ya mizinga, vimekunjwa vizuri juu ya dirisha. Vilibaki pale mpaka nilipovitumia.

Alfajiri ya Jumamosi hiyo Baba alikwenda msikitini kama kawaida yake. Waliokuwa naye walisema katika rakaa ya pili, imamu anasoma, Baba alitoka safuni. Alipita kati ya watu, akavaa viatu, akatoka mbio. Mzee wa miaka sabini na mbili, mbio. Wakadhani tumbo limemkamata. Walipotoa salamu na kufuata njia ya kwetu walimkuta amelala mbele ya lango letu, uso umepinda, mkono wa kulia umelegea kama kitambaa, na sauti hana. Mama alitoka akipiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena maishani. Ami Bukheit bin Dahri, jirani yetu yule wa nyumba ya chini, ndiye aliyemshika Baba kichwa.

Tukakimbilia pikapu tumpeleke zahanati. Nikatia ufunguo. Stata ikapiga, injini ikazunguka kwa nguvu zake zote, chuku-chuku-chuku, na haikuwaka. Nikarudia. Nikarudia tena mpaka Mjomba Awadh akanitoa kwenye usukani kwa kunivuta kanzu, akajaribu yeye, ikawa vilevile. Hapo ndipo Ami Bukheit alipoleta gari lake. Alishusha mizinga yake mwenyewe aliyokwisha kuipakia, akaiweka chini juani, akatandika godoro, tukampakia Baba. Naomba ulikumbuke jambo hilo utakapofika mbele.

Daktari alisema ni kiharusi. Upande wa kulia umekufa, ulimi umefungwa, labda vitarudi, labda havitarudi. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, lakini Baba alikuwa ameufumbata kwa nguvu na ameubana chini ya shavu lake. Nesi alipojaribu kuufungua Baba alitoa sauti mbaya, kama mtu anayenyang'anywa. Daktari akasema aachwe, maradhi haya huwakaza wengine viungo, asilazimishwe. Basi tukamrudisha nyumbani vile vile. Mama akawa anamlisha mtindi na asali kwa kijiko, anamuosha, na ule mkono akawa anauosha kwa nje tu.

Sasa nije kwenye gari. Sikulala, Karama. Nilijua kila siku mizinga inayokaa kule juu ni mizinga inayokufa. Mjomba akasema tuwape nyuki maji ya sukari. Mama akasema nyuki wa Salmin hawajawahi kuonja sukari tangu wakiwa chini ya baba yake, na hawataanza leo mwenyewe akiwa amelala anasikia. Gari la kukodi hakuna, kila gari lina mizinga ya mwenyewe. Ami Bukheit alisema akimaliza zake atatubebea zetu Alhamisi, inshaallah. Kwa hiyo ilikuwa ama niliwashe gari letu, ama nisubiri Alhamisi na kuomba Mungu.

Nilianza palepale unaposema wewe hata mtoto angeanzia. Betri nzima, maana stata ilikuwa inazungusha kwa nguvu. Nikachomoa bomba la petroli kwenye kabureta, nikaweka kopo, Mama akapiga stata, petroli ikaja. Ilikuja kwa kusitasita, na mimi nikaona nimepata mchawi wangu. Unajua sisi watu wa nyuki, kikiharibika chochote tunamsingizia nyuki. Mlango ukilia, nyuki wamejenga kwenye bawaba. Redio ikikwama, nta. Nilikumbuka mwaka ule nyigu wa udongo alivyojenga ndani ya kitundu cha kupumulia cha tangi, Baba akahangaika wiki nzima. Nikajiambia ni hicho hicho.

Nikalishusha tangi. Peke yangu, kaka, kwa spana mbili na matusi mengi, Mungu anisamehe. Nikalimwaga, nikaliosha kwa petroli, nikalisuuza, nikalianika, nikapuliza kila bomba kwa mdomo mpaka midomo ikababuka. Nikabadilisha chujio. Nikafungua kabureta yote juu ya meza ya Mama ya unga, nikaisafisha kwa sindano. Nilipata udongo kidogo kwenye kitundu cha tangi na nikafurahi kama nimepata dhahabu. Jumatatu jioni nikafunga kila kitu, nikasema bismillah, nikapiga stata. Chuku-chuku-chuku. Nikaweka kichwa juu ya usukani nikalia, na Mama akaniona dirishani, akafunga dirisha taratibu.

Jumanne akaja Fundi Faraj kwa pikipiki yake kutoka msibani alikokuwa. Unamkumbuka, bado ana tumbo lile lile na mdomo ule ule. Alilizunguka gari, akaangalia tangi linavyong'aa, akaniambia, “Mahfudh, umeliogesha utadhani bwana harusi. Mgonjwa anaumwa jino, wewe unamsugua miguu.” Halafu akanifundisha huku akifanya. Alisema injini ya petroli inataka vitu vitatu, mafuta, hewa na cheche, na mimi nimeshinda siku tatu kwenye cha kwanza bila kuuliza cha tatu. Akachomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Hakuna cheche. Plagi ya pili, hakuna. Zote nne, kimya. Akatoa waya mnene wa katikati unaotoka kwenye koili, akausogeza karibu na chuma, nikapiga. Cheche ikaruka ya buluu, nene. Akacheka. Akasema umeme upo nyumbani, ila haugawiwi watoto.

Akafungua kifuniko cha distributa. Kinashikwa na vibanio viwili tu, hata bisibisi hakikuhitaji. Akainama, akanyamaza. Faraj kunyamaza, kaka, ni jambo la kuogopesha. Aliniita niangalie. Ndani, pale katikati, panapokaa rota, kile kidude kidogo cha kahawia kinachozunguka na kupeleka umeme kwa kila plagi kwa zamu yake, palikuwa patupu. Kidude chenyewe hakizidi gumba la mtu mzima. Bila hicho utapiga stata mpaka Kiyama. Faraj akasema, “Hii gari haiumwi. Hii gari imenyang'anywa. Rota haianguki yenyewe ikafunga na kifuniko nyuma yake.” Halafu akapitisha kidole kwenye vile vibanio viwili, akasema kitu kingine ambacho wakati ule sikukishika. Alisema ajabu, injini yote imejaa vumbi na mafuta, lakini vibanio hivi vinang'aa, vimefunguliwa na kufungwa siku nyingi sana.

Tukauliza rota nyingine. Faraj akasema kwa gari la umri ule labda Mukalla kule pwani, na mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya mteremko, wiki moja kama si mbili. Alijaribu rota ya gari jingine, ikakataa kukaa. Akaondoka akitikisa kichwa.

Habari hiyo ilifika kila nyumba kabla ya magharibi, na Mjomba Awadh hakuhitaji muda mrefu. Akakaa barazani kwetu mbele ya watu akauliza nani anafaidika mizinga ya Salmin ikikwama juu. Nani amegombana na Salmin miaka sita kwa ajili ya kivuli cha ule mkunazi mkubwa wa Saqia, ambao kwa desturi yetu mzinga wa kwanza kutua pale ndio wenye mahali msimu mzima? Nani ameshatangulia kushusha mizinga yake Saqia? Hakulitaja jina. Hakukuwa na haja. Mtu mmoja akasema lakini Bukheit ndiye aliyempeleka Salmin zahanati. Mjomba akasema, “Naam, na aliyemfanya ahitaji gari la mtu ni nani?”

Kisha akanigeukia mimi. Akaniuliza mbele ya wote kama usiku wa kuamkia Jumamosi nilisikia mtu ameingia uani kwetu, maana inajulikana wakati wa joto nalala mle mle ndani ya pikapu, nyuma. Nikajibu usiku ule nililala juu darini, sikusikia kitu. Maana yake ua ulikuwa hauna mlinzi, na yeyote angeweza kuingia.

Jumatano alasiri Ami Bukheit alikuja langoni na mashahidi wawili. Hakupiga kelele. Alikuwa amevaa kanzu safi, utadhani anakwenda arusini. Akafungua mkanda wake mbele yetu, akautoa pamoja na jambia, lile la baba yake lenye mpini wa pembe, akaliweka juu ya kizingiti chetu. Akasema maneno ya desturi, kwamba hilo ni rehani yake kwa nyumba ya Salmin mpaka atakapohukumiwa au kusafishwa. Kisha akaongeza yake. Akasema, “Nimegombana na baba yenu mchana, kwa mdomo, mbele za watu. Sijawahi kugombana naye gizani.” Akashuka kwenda kwake kiuno kitupu. Mzee wa miaka sitini na tano kiuno kitupu, Karama, na wanawake wanachungulia madirishani. Ile ahadi ya kutubebea mizinga Alhamisi ikafa hapo hapo, maana mtu aliyeweka jambia hawezi kuingia kwenye mali ya anayemtuhumu.

Alhamisi nilipanda Shaab Lahm na punda wa Mama na maji. Sitakueleza yote. Mizinga ya mwisho kwenye safu, ile ya udongo ambayo Baba aliifinyanga mwaka uliozaliwa wewe, ilikuwa kimya. Unaweka sikio, kimya. Nyuki walikuwa wamelala midomoni mwa mizinga chungu chungu, na manyigu yanawakata mchana kweupe bila hata mlinzi mmoja kutoka. Nikahesabu kumi na tisa iliyokufa. Nikakaa juu ya jiwe nikajua kama sikufanya kitu leo, kesho kutwa sitakuwa na sababu ya kufanya.

Na sasa nalifikia lile letu. Karama, nilidanganya mbele ya watu. Sikulala darini.

Nililala ndani ya pikapu kama siku zote, begi langu likiwa mto. Ulikuwa umeniambia mtu wako atanisubiri Al-Abr siku tatu anivushe mpaka nije kwako, niondoke Baba akiwa kwenye swala, na gari nimwachie mtu wako alirudishe. Ukasema Baba hatatoa ruhusa hata nikipiga magoti mwaka mzima, na wewe mwenyewe uliondoka hivyo hivyo miaka tisa iliyopita, ukaliacha gari barabara kuu na ufunguo juu ya kiti. Basi nikasubiri. Baba alipita karibu yangu kwenda msikitini, nikafumba macho, na nadhani alisimama kidogo. Imamu alipoanza kusoma nikaingia kwenye usukani, nikapiga stata. Ikazunguka, haikuwaka. Nikapiga tena. Nikapiga mara saba au nane, nikiwa na hasira, nikilitukana gari. Msimu huu magari yanapigwa stata bonde zima kuanzia alfajiri, hakuna aliyejali. Lakini Baba analijua gari lake. Alilisikia akiwa safuni.

Nilisikia viatu vyake juu ya mawe vinakuja mbio. Kisha sikuvisikia tena. Nikadhani amesimama kunisubiri nje ya lango anipige. Niliogopa, kaka, mwanaume wa miaka ishirini na sita. Nikalitupa begi nyuma ya kuni, nikapanda ngazi za nyuma mpaka darini, nikajilaza nikijifanya nimelala. Nikakaa pale mpaka watu walipopiga kelele. Muda wote huo Baba alikuwa chini kwenye mawe, hatua ishirini kutoka kwangu. Haya ndiyo niliyokuwa nayo kifuani wakati Mjomba ananiuliza, na wakati Ami Bukheit anafungua mkanda wake. Nilijua hakuna mtu aliyeingia uani usiku ule. Nilijua vizuri kuliko wote, na nikakaa kimya kwa sababu wangeniuliza nilikuwa nafanya nini kwenye usukani alfajiri.

Alhamisi ile niliporudi kutoka kwa nyuki, Mama alikuwa kwa jirani. Nikaingia kwa Baba. Alikuwa macho. Nikapiga magoti karibu na kitanda, nikamwambia yote kwenye sikio lake, kuanzia ujumbe wako wa kwanza mpaka ngazi za nyuma. Nikamwambia ni mimi niliyekuwa napiga stata. Nikamwambia kuhusu jambia lililoko kizingitini na mizinga kumi na tisa. Nilitaka anipige. Nilitamani apate nguvu anipige.

Alinitazama. Machozi yalimtoka kwenye jicho moja, lile zima. Kisha, Karama, akautoa mkono wa kushoto chini ya shavu, akanisogezea, na vidole vikafunguka kimoja kimoja. Kilikuwa ndani. Kidude cha kahawia, kimelowa jasho, kimemkata kiganja mpaka kidonda. Kwa siku sita alikifumbata, kwa daktari, kwa nesi, kwa Mama. Akakitia kwenye kiganja changu. Akavikunja vidole vyangu juu yake kwa mkono wake huo huo, akaubana.

Ndipo nikakumbuka vile vibanio vinavyong'aa. Na nikakumbuka kwamba tangu wiki uliyoondoka wewe, Baba hakutaka mtu karibu na gari jioni akishaliegesha. Atakutuma maji, atakutuma chupa ya chai, atakwambia angalia mbuzi. Na asubuhi vivyo hivyo, mpaka liwake. Mimi na Mama tulidhani anasoma dua yake. Miaka tisa, kila jioni, alikuwa anafungua kile kifuniko, anaichukua rota, analala nayo. Mwana mmoja aliondoka na gari lake alfajiri. Akahakikisha wa pili hawezi.

Nilimuuliza, Baba, ulikuwa unakuja kunizuia au kunipa? Aliubana tu mkono wangu uliofumba, akauachia. Nimelifikiria hilo mchana na usiku, na naamini mtu anayekuja kuzuia hahitaji kukimbia. Gari lilikuwa haliendi popote, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikimbia akiwa nayo mkononi, ameshaitoa mfukoni.

Ijumaa baada ya swala nikasimama msikitini kabla watu hawajatawanyika. Nilikuwa kichwa wazi, na jambia la Ami Bukheit nimelibeba kwa mikono miwili. Nikasema kama nilivyokuandikia, sikubakisha. Mjomba Awadh alitoka kabla sijamaliza, kwa aibu, na mpaka leo hajanisemesha. Ami Bukheit alilichukua jambia, akafunga mkanda taratibu sana, tundu kwa tundu, msikiti mzima unamsubiri. Nilidhani ataniacha pale nikiwa nimeinamisha kichwa. Akasema, “Nyinyi watoto wa Salmin hamjui kuondoka. Hata ngamia wangu huaga.” Watu wakacheka kidogo, na mimi sikuweza kucheka. Kisha akasema, “Nenda kalete nyuki wako. Chini ya mkunazi mkubwa sikuweka mzinga. Hapo ni pa baba yako, nilimsubiri anyanyuke tuendelee kugombana.”

Nikarudi nyumbani, nikaiweka rota mahali pake, nikafunga kifuniko. Stata ikapiga mara moja na injini ikawaka. Mama alikuwa dirishani kwa Baba, akampigia kelele, “Umesikia? Umesikia, Salmin?” Jioni hiyo, nyuki walipoingia, nilipanda na Fundi Faraj na Ami Bukheit mwenyewe, tukaziba midomo kwa vile vitambaa, tukashusha mizinga arubaini na mmoja chini ya mkunazi mkubwa. Asubuhi walitoka. Walikuwa wachache na wadhaifu, lakini walitoka, na leo ni wiki ya tatu, wanaingia na miguu ya njano kwa chavua.

Basi mtu wako wa Al-Abr usimtume tena. Siji. Sikulaumu, kaka, maana mguu uliopanda gari ni wangu na ngazi za nyuma nilipanda mimi. Lakini nimekuandikia ili ujue ulichokiacha huku ulipoondoka, kwa sababu mimi nilikaa nacho nyumba moja miaka tisa na sikukiona.

Sasa kila jioni mimi ndiye ninayeliegesha gari. Nafungua vibanio, naitoa rota, naipangusa, naingia kwa Baba naiweka kwenye kiganja chake cha kushoto. Sikuambiwa nifanye hivyo. Usiku wa kwanza alihangaika, mkono unatafuta chini ya shavu, na nilipomwekea akalala mpaka adhana. Daktari anashangaa mkono ule umekuwa laini. Alfajiri nainama kumwomba, na jana nilipoinama nikakuta kiganja kimeshafunguka, ananisubiri.

Mama anakusalimu sana, anasema mtoto akiota meno ya mbele mtume picha. Ami Bukheit anakusalimu, na salamu zake nyingine siwezi kuziandika. Fundi Faraj anauliza kama huko Jidda wanaogesha matangi. Baba anakusalimu kwa mkono, mwingine hana. Nilimsomea barua hii yote kabla ya kuifunga, na nilipofika kwenye jina lako aliufumba.

Ukipata ruhusa ya kuja, Karama, panga ufike jioni, kabla sijalizima gari. Nitakuonyesha vibanio vilipo. Uitoe wewe, umpelekee wewe mkononi.

Ni mimi mdogo wako,
Mahfudh bin Salmin Bahashwan